Nani Aitwe Shahidi?

Walimu wa Kiswahili tumezoea kuulizwa maana ya maneno, na aghalabu hatukosi jibu, maana kamusi haiko mbali. Lakini yako maswali ambayo mwanafunzi huyauliza kana kwamba anataka maana ya neno tu, kumbe analolitafuta halimo katika kamusi yoyote. Swali la namna hiyo lilitukuta Masafu, katika wilaya ya Busia, upande wa Uganda, na tangu siku hiyo halijatutoka. Twaliweka hapa mbele ya wenzetu, si kwa kuwa tumelipatia ufumbuzi, bali kwa sababu twaamini kuwa mwalimu wa lugha hii ana sehemu yake katika swali hilo, apende asipende.

Siku hiyo tulikuwa tukisoma na wanafunzi wetu ufupisho tulioutayarisha wenyewe wa kumbukumbu za Primo Levi. Mtu huyu alikuwa Myahudi wa Torino, nchini Italia, mkemia kwa kazi yake. Alikamatwa Desemba 1943 pamoja na kikundi kidogo cha vijana waliokuwa wakiupinga utawala wa Mafashisti, na Februari 1944 akapelekwa Auschwitz, ile kambi ambayo watu wa Hitler waliijenga katika nchi ya Poland. Huko alichanjwa mkononi kwa wino namba 174517, na namba hiyo ndiyo iliyokuwa jina lake tangu hapo. Aliokoka kwa jambo ambalo hakuna mtu angeliomba: homa ya kuambukiza. Wajerumani walipoikimbia kambi mnamo Januari 1945, waliwaswaga mateka wenye nguvu kwa miguu katika theluji, na wengi wao wakafa njiani. Wagonjwa wakaachwa vitandani. Majeshi ya Kisovieti yalipofika tarehe 27 mwezi huo yakamkuta Levi akiwa hai. Alirudi kwao, na mwaka 1947 akachapisha kitabu cha kwanza cha yale aliyoyaona.

Tulipomaliza kusoma tukauliza, kama ilivyo desturi yetu: mtu wa namna hii tumwite nani kwa Kiswahili? Kijana mmoja akajibu upesi, "Shahidi." Darasa zima likamkataa. Kwa watoto wa Uganda neno hilo lina wenyewe: ni wale vijana waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga kati ya 1885 na 1887, wengi wao wakichomwa moto huko Namugongo tarehe 3 Juni 1886, kwa kuwa hawakukubali kuikana dini yao. Kila mwaka tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa, na mahujaji huenda Namugongo kwa miguu kutoka pande zote za nchi, na hata kutoka Kenya. Shahidi, walisema watoto, ni aliyekufa. Huyu Mtaliano alirudi kwao, akaoa, akazaa, akaandika vitabu, atakuwaje shahidi?

Tuliwaeleza kuwa neno hilo lilikuja kwetu kutoka Kiarabu likiwa limebeba maana mbili: mtu aliyeliona jambo akalitolea habari mbele ya kadhi au hakimu, na mtu aliyekufa kwa ajili ya imani yake. Wayunani nao walikuwa na neno moja la shahidi wa barazani, na Wakristo wa mwanzo wakalichukua neno hilohilo kuwaitia waliouawa. Basi kijana hakukosea. Lakini kwa kuwa darasa halikuridhika tulitoa neno la pili, manusura, ambalo magazeti na redio hulitumia kila basi linapopinduka au mashua inapozama. Neno hili lina jirani yake ambaye hatumwangalii vya kutosha, nalo ni nusura. Tunaposema "nusura nife" hatujisifu kwa ushindi. Twasema kwamba palibaki kidogo. Manusura ni mtu aliyebakishwa na kidogo hicho. Levi mwenyewe angelipenda neno letu, maana hakuchoka kusema kuwa waliotoka kambini hawakutoka kwa sababu ya ubora wao.

Hapo ndipo msichana mmoja aliyekaa nyuma aliponyosha mkono. "Mwalimu," akasema, "aliyekataa kuikana dini yake akauawa, huyo ni shahidi. Aliyekamatwa akapona, ni manusura. Na yule aliyesema 'mimi si Myahudi', akaachwa aende zake, je, ni nani? Ni manusura, au ni mwongo?"

Hatukuhitaji kwenda hadi Ulaya kumtafutia mfano. Ukitoka Tororo ukashika barabara ya kaskazini utafika Mbale, na nje ya mji huo, katika kilima cha Nabugoye na vijiji vingine vya jirani, wanaishi Abayudaya, jina ambalo kwa Kiganda maana yake ni "Wayahudi", basi. Mwanzilishi wao ni Semei Kakungulu, yule jemadari wa Kiganda aliyewafungulia Waingereza njia katika nchi hizi za mashariki (na kwa hiyo wazee wa huku hawamtaji kwa mapenzi siku zote). Alipovunjwa moyo na mabwana zake, na baada ya kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe, mwaka 1919 alitahiriwa yeye na wanawe, akajitangaza kuwa Myahudi. Alifariki mwaka 1928. Watu wake waliendelea kuishika Sabato na kuwatahiri watoto wao siku ya nane, wakulima miongoni mwa wakulima, bila kumsumbua mtu.

Idi Amin alitwaa madaraka Januari 1971. Mwaka uliofuata aliwafukuza Waisraeli waliokuwa nchini, na mwezi Septemba 1972 akampelekea Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kurt Waldheim, simu ya maandishi iliyokisifu kitendo cha Hitler cha kuwaua Wayahudi milioni sita. Ilikuwa vigumu kwa Abayudaya kudhani kuwa maneno hayo hayawahusu. Dini yao ikapigwa marufuku, masinagogi yakafungwa, vitabu vya sala vikaharibiwa au kufichwa. Walikuwa yapata 3,000 kabla ya hapo. Wengi wao wakaingia kanisani au msikitini. Wachache wakaendelea kusali usiku, milango imefungwa, sauti chini. Husimuliwa habari ya mtu aliyeshikwa kwa ajili ya ibada yake, akaachiliwa baada ya kuwapa askari mbuzi. Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979, jioni ya siku hiyo ndiyo iliyokuwa mwanzo wa Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri, wala Abayudaya hawakuona kuwa ilikuwa sadfa. Waliojitokeza kuiadhimisha dini yao wazi walikuwa yapata 300 tu.

Walikuwa wapi wengine? Kwa sehemu kubwa walikuwa palepale, majirani walewale, mashamba yaleyale, wenye majina mapya. Msichana wetu alikuwa anauliza habari zao.

Ama kuhusu swali hilo la kwanza, twaona kuwa dini zenyewe zimelijibu kwa huruma kuliko tunavyodhani. Kila aliyepita chuoni amesikia kisa cha jamaa ya Yasir huko Makka. Mama, Sumayya, aliteswa ili aikane imani yake; akakataa, akauawa, na Waislamu humhesabu kuwa shahidi wa kwanza wa dini yao. Mwanawe, Ammar, aliteswa vivyo hivyo, akayatamka maneno waliyoyataka watesi wake, akaachwa. Alimwendea Mtume huku akilia, naye Mtume hakumkemea, alimwuliza moyo wake ukoje. Na aya ya 106 ya Sura ya An-Nahl humtoa hatiani mtu aliyelazimishwa ilhali moyo wake umetulia katika imani. Tazameni: ni nyumba moja. Mama ni shahidi kwa kufa kwake, mwana ni manusura kwa ulimi wake, na hakuna kitabu kinachomtumia mmoja kumwaibisha mwenziwe. Musa bin Maimuni, mwanachuoni mkubwa wa Kiyahudi wa karne ya 12, aliandika barua kuwatetea Wayahudi wa Maghrib waliolazimishwa na watawala wao kutamka shahada ya Kiislamu. Alisema kuwa mtu atamkaye ili kuiokoa roho yake hakutoka katika watu wake, ila akipata nafasi na aihame nchi ile.

Tulipokwisha kuyasema hayo tuliona kuwa somo limekwisha, na kwa kweli tulijipongeza kidogo moyoni. Lakini kibarazani alikuwako mzee mmoja, babu wa mwanafunzi wetu, aliyekuja kwa kikao cha wazazi akawahi kufika. Dirisha lilikuwa wazi naye alikuwa amesikia yote. Akabisha hodi, tukamkaribisha, akakataa kiti.

"Mwalimu," akasema, "hao uliowataja walijikana wenyewe. Mtu akijikana, mali ni yake. Uliza habari ya mtu aliyemkana mwenziwe."

Kabla ya kuyaeleza aliyotusimulia, hatuna budi kuwakumbusha wasomaji mambo ya mwaka ule. Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Air France iliyokuwa ikitoka Tel Aviv kwenda Paris ilitekwa baada ya kutua Athens, ikaletwa Entebbe. Watekaji, wawili kati yao Wajerumani, waliwatenga Waisraeli na abiria wengine, na wale wengine wakaachiliwa. Miongoni mwa waliobakizwa walikuwamo watu waliookoka katika kambi za Hitler, na mmoja wao alimwonyesha Mjerumani namba iliyochanjwa mkononi mwake. Mjerumani akajibu kuwa yeye si mfuasi wa Hitler. Hivyo namba ya namna ileile aliyokuwa nayo Levi ilifika hadi ufukoni mwa Ziwa Victoria, ikasomwa huko. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai makomando wa Israeli waliwaokoa mateka, na ndege zao zikapitia Nairobi. Dora Bloch, mwanamke mkongwe aliyekuwa amelazwa hospitalini Kampala, aliuawa kwa kisasi. Mabaki yake hayakupatikana mpaka 1979. Na kwa kuwa Kenya iliziruhusu ndege zile kutua, hasira ya Amin iliwageukia Wakenya walioishi au kufanya kazi Uganda. Mamia waliuawa, na wengine kwa maelfu wakakimbilia mpakani, Malaba na hapa Busia.

Huu ni mpaka wa namna gani, anayeujua hahitaji kuelezwa. Wasamia wako Funyula upande wa Kenya na wako Masafu upande wa Uganda. Mtu huoa ng'ambo, huzika ng'ambo, na shamba la mjomba wake liko ng'ambo. Hata neno bodaboda, ambalo sasa limeenea Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa Busia kwa zile baiskeli zilizokuwa zikiwavusha watu kutoka kituo kimoja cha forodha hadi cha pili. Kumwuliza mtu wa hapa kama yeye ni Mkenya au Mganda lilikuwa swali la makaratasi. Mnamo Julai 1976 likawa swali la roho.

Mzee wetu alikuwa kijana wakati huo. Alizaliwa upande wa Kenya, mama yake akiwa mtu wa Masafu, na kazi yake ilikuwa kununua samaki wakavu Majanji na kuwauza Tororo. Alikuwa na mwenziwe katika biashara hiyo, Mjaluo wa upande wa Kenya, ambaye walikula pamoja na kulala chumba kimoja kwa miaka miwili. Siku moja ya mwezi ule walikuwa ndani ya lori, pamoja na abiria wengine na magunia yao, wakielekea Tororo. Wakakuta kizuizi cha askari.

"Walituuliza kwa Kiswahili," mzee alisema. "Mimi nilikijua cha sokoni tu. Nikajibu kwa kukoseakosea, kama watu wa huku. Wakaniuliza kwenu wapi, nikasema Masafu, nikataja jina la mjomba wangu kuwa ndilo la baba. Mwenzangu alikuwa amesoma kwao. Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Alimwambia askari, 'Samahani, afande, mimi ni mfanyabiashara tu, nakuomba uniwie radhi.' Askari akawatazama wenzake akacheka. Akasema, 'Huyu Mkenya.' Kisha akanigeukia mimi, akauliza, 'Unamjua huyu?' Nikasema, 'Simjui, afande.'"

Mwenziwe akaambiwa ashuke. Lori likaruhusiwa kwenda. Hakuonekana tena.

Darasa lilinyamaza. Kisha yule msichana, ambaye twaona atakuwa wakili siku moja, akauliza kwa heshima, "Mzee, ungalisema unamjua, ungalimwokoa?"

"Tungalishuka wawili."

"Basi hukukosa."

"Sikusema nilikosa, mwanangu. Nimesema nilisema simjui." Akatulia kidogo, akaongeza, "Kujikana mimi mwenyewe nilikufikiri njia nzima tangu Majanji. Kumkana yeye hakukunichukua hata pumzi moja. Nawasikia mkisema shahidi, shahidi. Shahidi ni yule aliyeshuka. Mimi nilibaki ndani ya lori."

Mzee huyu hajapata kumsoma Levi, na mpaka saa ile hakuwa amesikia jina lake. Lakini mwaka 1986, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, Levi alichapisha kitabu chake cha mwisho juu ya mambo ya kambi, na humo alisema jambo ambalo ndilo hilihili: kwamba mashahidi wa kweli si wao waliorudi. Waliolifikia vilindi vyake jambo lile hawakurudi, au walirudi wakiwa mabubu. Waliookoka husema kwa niaba yao tu, kama wakili asemavyo kwa niaba ya mtu asiyekuwapo. Tena aliandika juu ya aibu ya kuwa hai badala ya mwingine, pengine mwingine aliyekuwa bora. Hatusemi kwamba kizuizi cha njia ya Tororo kinalingana na Auschwitz. Mauaji ya milioni sita yaliyopangwa kwa daftari na ratiba ya garimoshi hayana mizani katika kisa cha lori moja, na mtu anayelinganisha maafa kama mchuuzi alinganishavyo mafungu ya nyanya hajasoma lolote. Twasema tu kuwa aibu ile imezungumza lugha mbili, watu wawili wasiojuana, na hapana mmoja aliyeipokea kwa mwenziwe.

Sasa tufike kwenye sehemu yetu sisi walimu, maana tuliahidi. Wasomaji wamekwisha kuona kilichomponza yule mwenziwe mzee. Ni ufasaha. Kile tunachokitolea alama kumi kwa kumi, upatanisho wa sarufi, adabu ya maneno, "uniwie radhi" mahali pake, ndicho kilichomshusha kwenye lori. Na kilichomwokoa mzee ni makosa yale ambayo sisi tungaliyapigia mstari mwekundu. Katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, imesimuliwa jinsi watu wa Yefta walivyovishika vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno shibolethi. Aliyetamka sibolethi alijulikana kuwa Mwefraimu, akauawa, na idadi yao imetajwa kuwa 42,000. Tumekifundisha kisa hicho mara nyingi kama mfano wa lafudhi. Hatukupata kukifundisha kama habari za mto Sio.

Katika Uganda Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi tangu enzi za King's African Rifles. Mwaka 1973 Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Amri za vizuizini zilitolewa kwa Kiswahili, na matusi, na maombi ya kuhurumiwa. Ni kweli kuwa mwaka 1979 askari wa Tanzania waliomwondoa Amin nao walisema Kiswahili, na wako wazee waliosikia kwa mara ya kwanza lugha ile ikiwaambia "pole". Lakini hilo halikufuta lile. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi, nasi tulifurahi, na tungali tunafurahi. Hata hivyo, mzazi wa makamo wa Masafu au Tororo anapokunja uso akimsikia mtoto wake akikariri ngeli, twapenda kumwita mtu wa nyuma asiyependa umoja wa Afrika Mashariki. Pengine hakunja uso kwa ajili ya ngeli. Levi alisimulia kuwa Waitaliano wengi walikufa siku za mwanzo kambini kwa kuwa hawakuelewa amri za Kijerumani, na kwamba yeye alimlipa mateka mwenziwe mkate ili amfundishe lugha hiyo. Mkate, mahali ambapo mkate ulikuwa uhai. Hatujui mwalimu wa lugha aliyepata kulipwa ghali zaidi, wala mwanafunzi aliyekuwa na sababu kubwa zaidi ya kujifunza, wala ya kuichukia lugha aliyojifunza.

Tuliwapa wanafunzi insha juu ya mambo ya siku ile. Mmoja aliandika kuwa mzee ni mwoga. Mwingine aliandika kuwa mzee hana kosa lolote na asijisumbue. Tulisahihisha viambishi katika insha zote mbili, kisha kalamu ikasita, maana tulikuwa hatujui tuandike nini chini yake. Baada ya kufikiri kwa siku kadhaa tuliwaambia hivi. Insha ya kwanza inahukumu, na mwandishi wake hajapata kuulizwa swali na mtu mwenye bunduki. Ya pili inasamehe, na hilo ni zito kuliko kuhukumu, kwa sababu msamaha huu una mwenyewe, na mwenyewe alishuka kwenye lori. Tunapomwambia manusura "usijisumbue, ulifanya kama yeyote angalivyofanya", mara nyingi hatumfariji yeye. Tunajifariji sisi, ili tuache kusikiliza. Mzee hakuja kuomba cheti cha kutokuwa na hatia. Alikuja kusema neno alilolisema, kama alivyolisema.

Hapo twatofautiana na mzee kwa jambo moja, nasi twalisema kwa unyenyekevu. Anakataa kuitwa shahidi. Lakini mtu kutoa habari za ubaya wa wengine ni jambo jepesi, na kila baraza la kahawa limejaa mashahidi wa namna hiyo. Yeye alikuwa na miaka yote hii ya kulibadili neno lile. Angaliweza kusema aliulizwa akanyamaza, au kwamba hakuulizwa kabisa. Abiria wa lori lile wamekufa, nani angalimkanusha? Sheria ya dini na ya serikali zote mbili humpa uzito mkubwa mtu akiriye jambo dhidi ya nafsi yake, na hatuoni kwa nini lugha isimpe jina. Yule aliyeshuka ni shahidi kwa maana moja ya neno letu. Huyu aliyebaki ni shahidi kwa maana ya pili, na maana hizo mbili zinahitajiana, kwa kuwa bila ya huyu hatungalijua kwamba yule alishuka.

Wenzetu wengine wametuonya kuwa si kazi ya mwalimu kuchokonoa makovu, na kwamba vijana wa leo wana shida zao. Onyo hilo hatulidharau. Hatupendekezi mwalimu yeyote apite nyumba kwa nyumba na daftari akiwauliza wazee waliwakana akina nani. Mzee alibisha hodi mwenyewe. Tulichofanya sisi ni kuacha dirisha wazi, na hata hilo halikuwa kwa kukusudia.

Baada ya majuma mawili alirudi, safari hii nyumbani kwetu, jioni. Alituarifu kuwa mwaka 1979, njia zilipofunguka, alivuka mpaka akaenda kwa kina mwenziwe. Alimkuta mama mtu angali hai. Akampa pole, akakaa, akala chakula chake, na alipoulizwa kama walikuwa pamoja siku ile alijibu kuwa yeye alikuwa Majanji. Mama huyo amekwisha kufariki. Wako wajukuu. Mzee alitaka kuwaandikia barua, naye Kijaluo hakijui vya kutosha, na wao Kisamia hawakijui. Akauliza kama tungaliweza kumwandikia kwa Kiswahili, Kiswahili chepesi, asisikike kama anajifanya msomi.

Tuliandika kwa jioni tatu. Kila tulipojaribu kulilainisha jambo kwa kuweka "kwa bahati mbaya" au "nililazimika", alituomba tufute. Neno simjui limo, katika ukurasa wa pili, peke yake bila maelezo. Barua ilivuka Busia siku ya soko mikononi mwa kijana wa bodaboda anayeijua njia. Mpaka tunapoandika makala haya majibu hayajaja, na mzee hutuuliza kila Jumamosi.